Milango Bila Wenyewe, Wenyewe Bila Milango

Mjukuu mmoja wa Ng'ambo, Unguja, aliletewa lenzi mpya na mjomba wake aliyeko Maskati. Lenzi yenyewe ni ile ya milimita 50, fupi kama kikombe cha kahawa, ambayo tundu lake hufunguka hadi f/1.8. Ijumaa baada ya sala akamkalisha bibi yake chumbani, akafungua dirisha moja na kulifunga jengine, akatundika shuka nyeupe kwenye mgongo wa kiti ili irudishe mwanga upande wa shavu lililokuwa gizani, kisha akapiga. Kazi ilikuwa safi. Kila kunyanzi lilionekana, na ndani ya kila jicho la bibi mlikuwa na dirisha dogo jeupe. Jioni akaonyeshwa. Akaitazama picha mara mbili, halafu akauliza, kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, hapa umenipigia wapi?"

Alikuwa amepigwa chumbani mwake. Nyuma yake palikuwa na kitanda cha samadari cha arusi yake, kabati la vyombo lenye zile sahani za kutazamwa tu, na saa ya ukutani iliyosimama tangu uhai wa marehemu mumewe. Katika picha vyote hivyo vimegeuka ukungu wa rangi ya chai ya maziwa. Vijana wote walioiona waliisifu. Mwenye sura yake hakuiona nyumba yake.

Swali la bibi huyo lilikuwa la haki, na wapiga picha wa siku hizi hawapendi kulijibu.

Yapo mafundisho yaliyoenea pamoja na lenzi hizi, na sasa yamekwisha kutiwa hata ndani ya simu, ambazo huutengeneza ukungu huohuo kwa hesabu za kompyuta bila ya kuhitaji lenzi kubwa. Mafundisho yenyewe ni mafupi: picha ya mtu ni uso, kilicho nyuma ya uso ni takataka, fungua tundu hadi mwisho wake, takataka itayeyuka. Afanyaye hivyo huitwa fundi. Asiyefanya huambiwa kuwa picha yake ni "ya nyumbani", kana kwamba nyumbani ni tusi.

Mafundisho hayo yafaa yapingwe. Hayapingwi kwa sababu ukungu haupendezi. Unapendeza sana, na hapo ndipo penye hatari. Yapingwe kwa sababu humkuta mtu amekaa nyumbani kwake, yakamtoa humo bila ya ruhusa yake, tena kwa namna ambayo mwenyewe hutakiwa ashukuru.

Kwanza yafaa ieleweke kuwa jambo hili ni la hiari, wala si amri ya chombo. Mtu akikaa mita 1.5 mbele ya lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, kina kinachotoka wazi ni kama sentimita 10. Katika kamera za bei nafuu, ambazo kihisio chake cha ndani ni kidogo, kina hicho ni sentimita 6 au 7 tu. Macho yakitoka makali, masikio yamekwisha kuanza kufifia. Tundu likibanwa hadi f/8, kina huongezeka zaidi ya mara nne, na kitanda kilicho nyuma, ingawa bado ni laini, hurudi kuwa kitanda. Malipo yake ni mwanga. Tundu la f/8 hupitisha takriban sehemu 1 tu kati ya 20 za mwanga unaopita kwenye f/1.8, hivyo picha iliyochukua sehemu 1 ya 200 ya sekunde sasa itataka sehemu 1 ya 10. Mkono wa mtu hauwezi kuituliza kamera kwa muda huo. Lazima ikae juu ya stendi, au juu ya rundo la vitabu lililowekwa kwenye kigoda, na anayepigwa lazima atulie kama watu walivyotulia zamani. Gharama nzima ya kuirudisha nyumba ndani ya picha ni stendi na subira. Asemaye kuwa haiwezekani, ama hajajaribu, ama hakuitaka hiyo nyumba.

Pili, pwani hii haikupata kuona kuwa kilicho nyuma ya mtu ni kitu cha kufutwa. Karne ya 19 A. C. Gomes alifungua studio Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Aliyeingia katika studio za zama hizo alisimamishwa mbele ya kitu: pazia, meza yenye maua, kitambaa kilichochorwa. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza ufundi huu mwenyewe, alizikata sura kwa mkasi na kuzipachika ndani ya picha nyengine, mathalani ndani ya maua, akimjengea mtu makaazi ambayo hayako duniani. Na kule Bamako, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Baada ya miaka mingi, ilipotakiwa picha zake zijulikane ni za lini, vitambaa hivyo vya nyuma ndivyo vilivyompa jawabu, kwa kuwa alikuwa akivibadilisha kila baada ya muda. Shuka la kitanda likawa kalenda. Ukungu wa rangi ya chai utamwambia nani mwaka?

Wako watakaosema kuwa pazia la studio nalo ni uongo, kwa hivyo uongo wa ukungu una kosa gani? Tofauti iko wazi. Mtu aliyekwenda studio aliondoka kwake kwa miguu yake, akavaa nguo ya kutokea, akajua kuwa anasimama mbele ya bahari iliyochorwa. Uongo ule alishiriki kuutunga. Bibi wa Ng'ambo hakuondoka kwake. Alikaa kitandani pake, akaamini kuwa anapigwa picha pale alipokaa.

Sambamba na picha za studio ziliendelea picha za namna ya pili, nazo ni zile za kadi za posta, na baadaye za vitabu vikubwa vya mezani wanavyonunua wageni. Humo mna milango ya Mji Mkongwe iliyochongwa kwa nakshi za mnyororo na mawaridi, yenye vichwa vya misumari ya shaba; mna vikuta vya chokaa, baraza tupu, ngazi inayopanda gizani. Mara nyingi hamna mtu. Akiwemo, ni kivuli chenye buibui kinachopita, ili mlango upate kipimo cha ukubwa wake. Mpiga picha wa kadi alimngojea mwenye nyumba apite, aondoke, ndipo apige. Sasa ametokea mjukuu wa mwenye nyumba, naye kwa lenzi yake mpya anafanya kazi iliyobakia: anampiga mwenye nyumba na kuufuta mlango. Vizazi vijavyo vitarithi mafungu mawili ya picha, fungu la milango bila wenyewe na fungu la wenyewe bila milango, na hakuna atakayeweza kuyaunga.

Hasara hii si ya kufikirika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Jumba hilo limepigwa picha tangu lilipokuwa jipya, kutoka kila upande, na wanaotaka kulijenga upya wana pa kutazama. Nyumba ya udongo na makuti iliyoanguka kwa mvua za masika mwaka huohuo haina hata picha moja ya ndani. Ilikuwa na nafasi ya kupigwa picha mara elfu, kila mtoto alipozaliwa, kila bibi-arusi alipopambwa, kila mzee alipokalishwa kitini siku ya Idi. Sura zote hizo zimehifadhiwa. Ukuta uliokuwa nyuma yao haumo.

Wanaoutetea ukungu wana hoja zao, na si haki kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni ya usanii. Husema: Je, Julia Margaret Cameron? Na kweli, hakuna mfano unaofaa zaidi. Mwanamke huyo alipewa kamera mwishoni mwa mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48, akiishi katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Hakuwa na studio. Aligeuza banda la kuku kuwa chumba cha kupigia na ghala la makaa kuwa chumba cha giza, akajifunza mwenyewe kwa kuharibu na kurudia. Mwaka 1866 akapata lenzi mpya kubwa zaidi, akaanza kupiga vichwa vikubwa vilivyojaza kioo, laini, vyenye giza pembeni. Mafundi wa wakati wake wakamcheka kuwa hajui kulenga. Leo wao wamesahauliwa, naye anasomeshwa.

Lakini mfano huo ukifuatwa hadi mwisho unawageukia wenyewe. Ulaini wa Cameron ulitokana kwa kiasi kikubwa na muda, kwani waliopigwa walikaa dakika kadhaa mbele ya lenzi, na pumzi zao zimo ndani ya picha. Hakuununua dukani. Tena wengi waliokaa kwake walikuwa jamaa zake, watumishi wake na majirani zake mashuhuri, watu wenye nyumba zao, na nyumba hizo hazikuwa zikihofiwa kusahauliwa. Ipo picha moja yake ambayo haikuwa hivyo. Julai 1868 aliletewa mtoto wa miaka 7, Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Uhabeshi. Aprili ya mwaka huohuo jeshi la Waingereza lilikuwa limeiteka ngome ya Maqdala. Baba yake akajiua, ngome ikaporwa na kutiwa moto, na mama yake akafariki kabla ya msafara kufika pwani. Mtoto yumo katika picha, na macho yake ni ya mtu mzima. Nyumba haimo, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuchomwa. Alifariki Uingereza mwaka 1879, hajatimiza miaka 19, akazikwa Windsor. Anayeitazama picha ile na kuona ulaini wake tu hajaitazama. Kukosekana kwa nyumba ndiyo habari yake. Kwa nini basi mtu ambaye nyumba yake imesimama, dari yake haivuji, na kitanda chake kipo, apigwe kwa mtindo wa aliyechomewa?

Hoja ya pili ni nzito kuliko hiyo, nayo ni ya sitara. Nyumba ya Mswahili ina ndani na nje. Mgeni hukaa barazani. Anayekaribishwa zaidi hufika ukumbini. Chumbani haingii mtu. Wasemao kuwa ukungu ni pazia la kisasa, linaloficha yasiyofaa kuonwa na kila jicho, wanagusa jambo la heshima, na anayewabeza hawajui watu anaowazungumzia.

Pamoja na hayo, hoja imelenga pasipo. Jambo la kwanza katika sitara ni mwenye nyumba mwenyewe, hasa mwanamke, na lenzi ile humwacha yeye hadharani, kila unywele, kila tone la jasho, na kuficha kabati la sahani. Hiyo ni sitara iliyogeuzwa chini juu. Kama picha haifai kuonwa na watu wa nje, isitolewe nje. Ibaki ndani ya sanduku au ndani ya simu ya mwenyewe. Kama chumba hakifai kupigwa, mtu apigwe ukumbini au uani, mahali ambapo mwenyewe amepachagua na kupafagia. Sitara hulindwa kwa idhini ya mwenye nyumba. Tundu la lenzi halijui mahram ni nani.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: watu wanaona haya. Ukuta una ufa, sakafu ni ya udongo, kalenda iliyotundikwa ni ya duka na ya mwaka juzi. Mjukuu anampenda bibi yake, na anaona kuwa kumtoa katika hali hiyo ni kumstahi. Nia ni njema. Lakini ajiulize ni nani aliyemwambia kuwa bibi yake anaonea haya ukuta alioukandika kwa mikono yake. Mara nyingi mwenye haya ni mpiga picha, si mpigwaji. Na aliye na haya kweli hujua dawa yake ya zamani kuliko kamera: hufagia, hutandika mkeka mpya, hutundika kanga juu ya ufa, huleta maua. Hapo nyuma huwa imetengenezwa na mwenyewe, na matengenezo hayo nayo ni sehemu ya picha.

Kiswahili chenyewe kina la kusema hapa. Neno sura ni moja kwa maana mbili: uso wa mtu na mlango wa kitabu. Kwa Kiarabu ni maneno mawili mbalimbali, moja kwa herufi sad na moja kwa sin, lakini kwa Mswahili yamekaa chini ya tamko moja. Msomaji aliyepewa sura moja iliyochanwa kitabuni anaweza kuifurahia. Hawezi kujua imetoka wapi wala inakwenda wapi. Ukungu wenyewe wapiga picha wameupa jina la Kijapani, boke, lililopitia Kiingereza, nao hulitamka kwa fahari kana kwamba ni cheo. Kijapani hulitumia neno hilo pia kwa mzee aliyepotewa na akili. Jina limewasili bila ya maana hiyo, na laiti ingekuja nayo.

Baada ya lenzi ni mwanga, na hapa mjukuu anastahiki pongezi, kwani alilolifanya kwa shuka na kiti ni sahihi, na wengi wenye vyombo vya gharama hawalijui. Yasemwa kuwa bila ya taa za studio hakuna picha. Yasemwa na wauzaji wa taa. Nyumba kongwe za mwambao huu zilijengwa na watu walioujua mwanga: vyumba vyembamba kwa kipimo cha boriti, kuta nene, dirisha lenye kina, ua wa kati unaomwaga mwanga wa juu bila ya jua kali, na chokaa nyeupe inayourudisha kila upande. Mtu akikalishwa hatua moja ndani ya mlango wa uani, saa tatu za asubuhi au saa kumi za jioni, hahitaji kingine. Pakiwa na giza upande mmoja, shuka nyeupe, sinia ya aluminiamu au karatasi ya foili iliyobandikwa kwenye boksi itatosha. Jambo la kuangaliwa ni rangi: ukuta wa kijani hutia ukijani shavuni, na kanga nyekundu iliyotandazwa chini hupaka kidevu. Usiku, globu moja iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe kisicho karibu nayo kiasi cha kuungua hufanya kazi, almuradi ikumbukwe kuwa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga wake hubaki robo. Watu waliokaa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kikiwa hakina umeme, hawahitaji kufundishwa namna uso unavyokaa mbele ya kandili au karabai.

Panapotakiwa hadhari ni katika kipimo cha kamera. Kipimo hicho huamini kuwa dunia nzima kwa wastani ni kijivu. Akikaa mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kamera huuona ukuta, ikatia giza, na uso ukapotea. Akivaa nguo nyeusi mahali penye giza, kamera huongeza mwanga hadi ngozi ikawa ya majivu. Kasoro hii ina historia yake: kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, iliyoitwa Shirley, ili rangi za picha zote zisawazishwe kwa ngozi yake. Dawa ni kuupimia uso wenyewe, karibu, na kuiacha kamera na maoni yake. Hapa pia wapo waliofundishwa kuwa sura ikitoka nyeupe kidogo imependeza. Huo ni ugonjwa uleule wa ukungu, safari hii umemfika mtu mwenyewe: ulianza kwa kufuta nyumba yake, na sasa unafuta rangi yake.

Hakuna anayetaka lenzi ile itupwe. Tundu lake pana ni neema katika chumba chenye dirisha moja, na ipo siku ya kulifungua lote: mtoto hatulii, jua limetua, mgonjwa hawezi kukalishwa. Kinachotakiwa ni kwamba kulifungua kuwe na sababu, na kwamba mwenye nyumba aulizwe. Kabla ya kuulizwa akae vipi na atazame wapi, aulizwe kipi cha nyuma yake anataka kionekane. Yumkini atasema kisionekane kitu, na hiyo ni haki yake. Yumkini atasema saa.

Na saa ile imesimama, kama ilivyosemwa. Imesimama kwenye saa na dakika ambazo bibi anazijua na mjukuu wake bado hajamuuliza.